Mshipa Uliopita Chumbani kwa Dobi

Benchi letu liko nje ya duka la vipuri lililofungwa zamani, kwenye kona ambapo magari ya watafiti hugeukia mlimani. Watafiti hawa hawajaanza kuchimba mgodi, wanatoboa tu. Wanashusha mtambo, wanatoa vipande vya mwamba vya duara, virefu, wanavipanga kwenye masanduku na kuondoka bila kusalimia mtu. Kinachojulikana ni kwamba wanatafuta dhahabu na shaba, basi. Kwa kuwa hawasemi wanachokiona, benchi limejitwisha kazi ya kusema kwa niaba yao. Mimi nauza kahawa hapo, na mbishi aliyekaukwa koo ni mteja mzuri, kwa hiyo sikumkataza mtu.

Wasemaji wakuu walikuwa watatu. Ramani, mwalimu mstaafu wa jiografia, alikuwa na kiu ya wanafunzi kuliko kiu ya kahawa. Hekta, dalali, hajawahi kuuza kiwanja chenye ukubwa alioutaja. Na Antena, fundi redio, anaamini hakuna kitu duniani kisicho na mawimbi.

Mambo yalianza pale Dobi, jirani yetu mpole asiyejua kusema hapana, alipokuwa akichimba shimo la choo nyuma ya nyumba yake. Alikutana na jiwe la kijani upande mmoja, na lilipovunjika ndani likametameta njano. Akalileta benchini amelifunga kwenye foronya ya mteja.

Ramani alilitazama kwa miwani, kisha akatufundisha. Alisema chini kabisa kuna mwamba ulioyeyuka, na unapopoa hutoa maji moto yaliyobeba shaba na dhahabu kwa pamoja. Maji yale hupanda kwenye nyufa, hupoa njiani na kuacha mzigo wake humo. Huo ndio mshipa. Ule ukijani ni kutu ya shaba, kama ya bomba la zamani. Hata ile njano, alisema, huenda ni madini ya shaba yenyewe. Dhahabu ikiwepo, imetapakaa kama chumvi kwenye mchuzi, na huwezi kuichota kwa kijiko.

Angeishia hapo, pasingekuwa na kisa. Lakini Hekta alikuwa ameshika neno moja tu.

— Mwalimu, hiyo shaba ni dhahabu ambayo haijaiva. Hapa juu ni mbichi, ndiyo maana ina ukijani. Ukishuka unaikuta imeiva.

Nilimtazama Ramani nikitegemea atacheka. Alifungua mdomo, akaona jinsi watu walivyosogea kusikiliza, akasema kwamba kwa namna fulani joto la chini lina mchango wake. Tangu siku hiyo hakulitaja tena suala la chumvi.

Antena alikuja na waya wa shaba aliouchomoa kwenye spika. Akaelezea kwamba madini yaliyopanda pamoja huitana kama ndugu, kwa hiyo waya ungeinama penye dhahabu. Akauvuta kutoka kwenye shimo la choo, ukuta kwa ukuta, hadi ukainama chumbani kwa Dobi, juu ya kitanda. Hekta akanyoosha kidole mlimani, akakirudisha kitandani, akatangaza kwamba mshipa umenyooka kama reli. Dobi akauliza kwa sauti ya chini kama si vizuri kuwauliza kwanza wale watafiti. Wakamcheka. Wakamwambia mtafiti akishajua hatamwambia, atamhamisha.

Dobi akahamisha kitanda na kuanza kuchimba.

Ilikuwa kazi ya kusikitisha kuitazama. Mashati ya watu yalianikwa meupe yakaanuliwa mekundu kwa vumbi, na wateja wakapungua. Mkewe alilala barazani na watoto. Alimwomba mumewe aache, tena kwa upole, na kila mara mume alikuja benchini kuomba ushauri, na kila mara alirudi na nguvu mpya. Akikuta mchanga, Hekta alisema umekaribia. Akikuta mwamba, alisema umefika. Maji yalipoanza kutoka chini, Ramani mwenyewe, sijui kwa aibu au kwa utamu wa kusikilizwa, alisema maji ni dalili njema, maana ndiyo yaliyoleta dhahabu.

Ukuta wa chumba ulianguka mchana, Dobi akiwa ametoka kunoa sururu. Ulifukia shimo lote. Aliporudi, alikaa juu ya kifusi akaliangalia godoro la watoto, lililokuwa likirudishwa ndani kila asubuhi, ambalo nalo lilikuwa limefukiwa nusu.

Kesho yake benchi lilijaa. Nilidhani watazungumzia namna ya kumjengea ukuta. Hekta akaeleza kwamba ukuta ulianguka kwa sababu mshipa umeshtuka ukahama. Antena alikuwa amekwisha kupita na waya wake asubuhi. Sasa mshipa ulikuwa chini ya nyumba ya mjane wa fundi cherehani, pale upande wa pili. Wakawa wanajadili nani akamweleze mama yule.

Wakati huo mke wa Dobi akaja. Hakuwahi kukaa kwenye benchi lile tangu liwekwe. Nywele zake zilikuwa na vumbi la ukuta. Wakasogea kumpa nafasi, Ramani akampa pole. Akaipokea, akakaa, akatazama mlimani, halafu akatazama kwake.

— Shemeji zangu, mlima uko kule, kwangu ni huku. Hapo katikati kuna nyumba ya Hekta, ya Antena na ya mwalimu. Huo mshipa ulipitaje?

Alisubiri jibu kweli. Hakuwa anawakejeli, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Antena akaanza kuukunja waya, akaukunja tena. Ramani alivua miwani akaifuta na kuendelea kuifuta. Hekta ndiye aliyekuwa wa kwanza kupata la kufanya, akaninyooshea kikombe niongeze.

Nikamwambia kahawa imekwisha. Birika lilikuwa zito mkononi mwangu, nalo likitoa mvuke, na kila mtu aliuona.