Kofia Niliyoiacha Nusu

Asalamu alaikum, wenzangu wa kikundi. Walio wakubwa kwangu, shikamooni. Mkiniona nimeshika kiti hivi si maringo, sijazoea kusimama mbele za watu. Nilichoshika mkono huu mwengine ni kofia ya mtoto. Nitakuelezeni habari yake, kisha nikae.

Kazi yangu kushona kofia za mkono, kule Bububu. Wanaoijua kazi hii wanajua: kitobo kimoja kimoja, sindano na uzi, kofia moja inakula miezi. Mume wangu alifariki nikiwa na mimba. Kliniki wakanipima, wakaniambia nina virusi. Nikapewa kidonge cha kumeza uchungu ukinianza, nikakimeza. Akazaliwa mwanamume, ana sauti huyo! Nikamnyonyesha miezi sita, maziwa yangu matupu, kama nilivyoelekezwa, kisha nikamwachisha. Majirani wakasema, "Mama gani huyu hana huruma?" Nikaanza kumshonea kofia, avae Sikukuu.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Kliniki waliniambia nisubiri, watanipa siku ya kuja kumpima mtoto. Alipofika miezi tisa nikashindwa kuvumilia. Na pale kliniki wananijua wote! Nikaazima baibui la shoga yangu, nikavaa na nikabu, ambayo maishani mwangu sijapata kuivaa, nikampakata mwanangu hadi mjini, kwenye maabara moja ya uchochoroni. Nikataja jina la uongo. Wakamtoa damu, tukangoja, mpimaji akanipa karatasi: mtoto ameonekana ana kingamwili za virusi. Akasema, "Kaa kidogo, mama, daktari anakuja kukueleza."

Nikae wapi! Nje nikasikia sauti ya wifi yangu, dada wa marehemu, anamwamkia mtu. Wala hakuwa akija pale, alikuwa anapita njia. Na mimi nimejifunika uso mzima, angenijuaje? Lakini nilikuwa na hofu, ndugu zangu, na hofu haikunipa nafasi ya kufikiri. Nikatoka mlango wa nyuma. Karatasi nikaichukua, maelezo nikayaacha.

Tangu siku hiyo kofia ikalala mkobani, imefika nusu. Nimshonee nani, mtoto mwenye virusi, ambaye hataishi aivae? Sikukuu ikaingia, watoto wa mtaani wote nguo mpya, wangu kavaa fulana ya juzi. Nilimwosha, nilimlisha, lakini kumchezesha nilishindwa. Akinichekea nageuza uso. Naona haya kulisema hili, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ikapita miezi tisa hivi. Wifi akaja kuchukua kofia ya mumewe, akatia mkono mkobani mwenyewe.

"Hii ndogo ya nani?"

"Ya mwanao."

"Na mbona imeshika vumbi?"

Nikaropoka yote. Maradhi yangu, karatasi, mlango wa nyuma. Nikajua atanyanyuka aondoke zake. Aa! Akakaa kitako chini pembeni yangu.

"Ebo! Umekaa na msiba huu peke yako, na mimi shangazi yake nipo hai? Inuka, twende kliniki. Na uvae baibui lako, lako mwenyewe!"

Muuguzi akaisoma karatasi, akaniuliza mtoto alikuwa na umri gani siku ile. Nikamwambia miezi tisa. Akashusha pumzi.

"Bibie, kirusi kikiingia mwilini, mwili unatengeneza kingamwili za kupigana nacho. Kipimo hiki kinazitafuta kingamwili, kirusi chenyewe hakikitafuti. Na wewe ulipokuwa na mimba, kingamwili zako zilimpitia mtoto. Ni kama umemvisha nguo zako. Akivaa kanga ya mama ndiyo kawa mama? Zinamtoka taratibu. Miezi kumi na nane, na ziwa ameshaacha, hapo ndipo tunapima tukajua."

Yaani yale maneno ndiyo niliyoyakimbia. Miezi yote ile nilikuwa namlilia mtoto kwa sababu ya damu yangu mimi.

Mwanangu alikuwa ameshatimiza miezi kumi na nane na siku kadhaa. Wakampima pale pale. Wifi akanishika mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Muuguzi akarudi anacheka: "Zako zimeshamtoka, na zake mwenyewe hana. Mtoto wako hana virusi." Wifi akapiga kigelegele mle ndani, akaambiwa atoke nje. Mimi nililia, wallahi nililia, nikambusu yule mtoto kila mahali.

Kesho yake nikashika sindano. Nilipomaliza, kichwa kishakuwa kikubwa, kofia haiingii! Nikaanza nyengine. Ndiyo hiyo aliyoivaa, yule pale anayekula visheti vya wageni.

Wifi yangu, Mungu akupe umri. Muuguzi wetu, ahsante kwa subira yako. Na nyinyi wenzangu, mlionikumbusha dawa zangu siku nilizochoka kuzimeza, alhamdulillahi, nipo hai kwa sababu yenu.

Lakini nisikudanganyeni. Wako wenzetu hapa waliosubiri miezi ile ile na majibu yakawa mengine, na watoto wao wanameza dawa, wanacheza, wanakwenda chuoni kusoma Kurani. Kwa hiyo nnachokuambieni si kwamba majibu yatakuwa mazuri. Sikiliza maelezo mpaka mwisho, na mshonee mtoto wako. Majibu yoyote yatakayokuja, kichwa anacho na Sikukuu itamkuta. Kosa langu halikuwa kuogopa. Kosa langu nilimzika mwanangu yuko hai.

Kofia hii naiweka hapa mezani. Tazameni, nusu moja uzi umefifia, nusu nyengine mweupe. Ni ya mtoto wa miezi tisa. Mwenye wake anayesubiri majibu, tukishamaliza aje aichukue, na ikimbana ampe mwengine. Sitamuuliza jina. Hata akija kajifunika uso mzima, namjua.