Bi Timazi na Chumba cha Hatua Kumi na Moja

Ndugu wapendwa, hebu mtazameni anavyokuja. Ni saa moja kasoro robo asubuhi. Mkono wa kushoto ana ndoo ya bati, mwiko umechomoza ndani yake, na kamba ya timazi, ile ya kupimia unyoofu wa ukuta, ameizungusha shingoni kama mkufu wa bibi harusi. Hana haraka. Akifika penye ukuta wa mtu, hata asipoitwa, anasimama, anafumba jicho moja, anautazama kutoka juu hadi chini, kisha anaguna. Mguno huo mafundi waliuogopa kuliko mkaguzi. Huyo ndiye mama yetu, Bi Timazi, tunayemsindikiza leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali. Baba yake alikuwa fundi wa lipu, mama yake alishona magunia. Alisoma shule ya msingi ya karibu na stesheni hadi mwaka 1965. Mwalimu wake wa hesabu aliandika kwenye ripoti: "Anajua, ila anabishana na rula." Mtoto alikuwa amegundua kwamba rula ya darasa imepinda. Ilipopimwa, ilikuwa imepinda kweli.

Mwaka uliofuata mgongo wa baba yake ulianza kumsumbua, naye akawa anambebea ndoo. Kubeba kukazaa kukoroga, kukoroga kukazaa kupiga lipu. Mwaka 1970 alipokwenda peke yake kwenye jengo la posta, msimamizi alimwona langoni akamwambia, "Dada, wanaoleta chakula wanapitia upande wa pili."

"Sikuleta chakula, kaka. Nimeleta mwiko, na si wa jikoni."

Kufikia alasiri msimamizi yuleyule alikuwa akiwaita wenzake waje waupapase ukuta. Kwa miaka thelathini na tisa marehemu alipiga lipu madarasa, wodi, maghala na nyumba za watu. Alifundisha mafundi kumi na mmoja, na wanane kati yao ndio waliobeba jeneza asubuhi hii.

Tarehe 9 Novemba 1974 alifunga ndoa na baba yetu, dereva wa lori, ambaye siku ya kwanza alisimama kumwuliza njia, akaanza kuuliza habari za ukuta, njia akaisahau. Walijaliwa watoto wanne. Baba alitutangulia tarehe 2 Juni 2003. Alimwacha mama katika nyumba ya babu wa baba, ile nyumba ya mawe yenye kuta nene, ambayo wapangaji walikuwa wameikatakata kila mmoja kwa mahitaji yake.

Na sasa nivumilieni kidogo, maana ukimsimulia Bi Timazi bila chumba hiki, umesimulia ndoo ukaacha maji.

Januari 2009 alirudi nyumbani shangazi wa baba, ambaye sote, wakubwa kwa wadogo, tunamwita Shangazi. Alizaliwa katika chumba cha mbele cha nyumba ile. Surua ilimchukua macho akiwa na miaka sita, na alipofika minane akapelekwa shule ya wasioona. Huko alisoma, akafundisha kufuma, akastaafu. Alirudi na miaka sabini na mitatu kwenye chumba ambacho katikati kilikuwa na ukuta wa matofali, dirisha moja limezibwa. Wiki ya pili alianguka, akavunjika kifundo cha mkono. Baba mdogo akaitisha kikao. Alisema kwa nia njema kwamba Shangazi apelekwe nyumba ya kutunzia wazee, kwa watu waliosomea kazi hiyo. Shangazi alikuwa palepale kitini. Alivuta mtandio wake, akaushika kwa mkono ule usiovunjika.

Mama akasema, "Nipeni hadi mwisho wa Juni. Nitamrudishia chumba chake kilivyokuwa. Akianguka tena, mpelekeni."

"Shemeji, Shangazi haoni," baba mdogo akamwambia. "Atajuaje kama kimerudi?"

"Yeye ndiye pekee atakayejua. Sisi wengine tutatazama rangi."

Picha ya chumba haikuwepo. Ramani ilikuwa kichwani mwa Shangazi. Kutoka mlangoni hadi dirishani, hatua kumi na moja. Mkono wa kulia, usawa wa kidevu, shubaka la kuwekea taa. Hatua moja kabla ya kufika mlangoni, ukutani, nundu kama yai, iliyokuwa ikimwambia apunguze mwendo. Mama alibomoa ukuta wa kati, akafungua dirisha, akamsimamisha Shangazi, akampima kidevu, akachonga shubaka jipya.

Mwezi Aprili Shangazi aliingia kujaribu. Alihesabu kwa sauti. Hatua ya nane, paji la uso likakaribia kugonga ubao wa dirisha. Akapapasa shubaka, akatikisa kichwa. "Hiki si chumba changu."

Baba mdogo akanong'ona, "Si nilisema? Umri huu kumbukumbu huvuja."

"Mwanangu, yaliyokwenda ni macho," Shangazi akamjibu. "Masikio yapo."

Fundi mwingine angesema mwenye kazi amekosea, kwa kuwa kuta za nje hazikuwa zimesogea hata unywele. Mama aliigeuza ndoo, akaikalia, akafikiri. Kisha akamshika Shangazi mkono, akampeleka kwenye ukumbi mwembamba uendao jikoni, ambao hakuna mpangaji aliyewahi kuugusa.

"Hapa hadi jikoni ulikuwa ukihesabu ngapi?"

"Kumi na nne."

Wakatembea. Zikatoka kumi. Mama alicheka hadi akaegemea ukuta. "Shangazi, chumba ni kilekile. Miguu ndiyo imekua. Uliondoka hapa na miaka minane, nami nimepima kidevu cha bibi nikakichongea shubaka la mtoto."

Siku hiyohiyo alilivunja shubaka lake mwenyewe, kazi ya wiki mbili, bila kununa. Akagongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole akishuka chini, hadi shibiri moja na vidole vitatu, mlio ukabadilika. Alipoondoa mawe yaliyozibia, shubaka la zamani lilikuwepo, na dari yake ndogo bado ina masizi ya taa.

Ikabaki nundu. Mama, ambaye maisha yake yote alizifuata nundu za watu kama askari, alitakiwa aitengeneze moja kwa mkono wake. Mara ya kwanza mkono uliisawazisha wenyewe. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alitupa mwiko pembeni, akaifinyanga kwa kiganja huku amegeuza uso.

Tarehe 20 Juni 2009 Shangazi aliingia kwa hatua fupi za mtoto. Alihesabu kumi na moja, akasimama. Mkono ukashuka, ukaingia shubakani, ukatulia humo kitambo. Akarudi, kidole kikaikuta nundu, akapunguza mwendo.

"Sasa tokeni," akasema. "Nataka kuvaa."

Wa kwanza kutoka alikuwa baba mdogo. Yupo hapa leo, na ameniruhusu niyasome yote haya.

Kwa miaka kumi na minne Shangazi hakuanguka chumbani mle hata mara moja. Mwaka 2021 kifua cha mama kilianza kukaza. Madaktari walisema ni vumbi la miaka mingi, wakamtibu kwa uangalifu, nasi tunawashukuru. Februari mwaka huu hakuweza tena kupanda ngazi, akaomba kitanda chake kiwekwe kwa Shangazi. Yule aliyesemwa anahitaji watu waliosomea ndiye aliyemnywesha mama dawa, akamgeuza, akamfuta jasho, bila kujikwaa. Ilimlazimu kuihesabu njia upya kuzunguka kitanda cha pili. Sasa ni hatua kumi na tatu. Mama alifariki dunia humo Jumatano, tarehe 6 Septemba 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 72.

Ameacha watoto wanne, wajukuu tisa, dada wawili, shemeji mmoja, mafundi kumi na mmoja aliowafundisha, na Shangazi. Mungu amlaze pema, mahali palipo sawa, asipate la kuguna.

Jana jioni Shangazi alituita watoto wote. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mama, akatuuliza: kitanda hiki kiondolewe, chumba kirudi kilivyokuwa, au kiachwe kama mama alivyokiacha? Hatujamjibu bado. Ninyi mliomjua fundi huyu, mngemjibuje?