Mama Ng'oa, Aliyeyakataa Maua ya Kiduha

Ndugu, jamaa na majirani, huyu aliyelala mbele yetu ni yule yule aliyewafokea wengi wenu wiki iliyopita kwa kuingia shambani na jembe chafu. Hatujaamini. Hata sasa tunasoma huku tukitupa jicho mlangoni, maana akituona tumekaa tu saa za kazi, patachimbika.

Marehemu, mliyemzoea kwa jina la Mama Ng'oa, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962, mtoto wa tatu wa mkulima wa mahindi na mfinyanzi wa vyungu. Utotoni aliyaona mahindi ya baba yake yakidumaa na kunyauka hata mvua iliponyesha vizuri. Baba aliamini shamba limelogwa, akamnunia jirani yake, ikawa hata salamu hakuna.

Baada ya sekondari aliingia chuo cha kilimo, akahitimu mwaka 1984. Huko ndiko alikoonyeshwa mchawi mwenyewe: kiduha, gugu dogo lenye maua ya zambarau, linaloing'ang'ania mizizi ya mahindi chini ya ardhi na kuinyonya kabla hujaliona. Mbegu zake ni laini kama vumbi na hukaa udongoni miaka mingi. Likizo ya kwanza alichimbua shina moja la mahindi mbele ya baba yake. Mzee aliitazama ile mizizi iliyoshikana, akajifuta mikono, akaenda moja kwa moja kwa jirani. "Nisamehe, ndugu yangu," alisema. "Kumbe mchawi nilikuwa namlimia mwenyewe."

Alifanya kazi ya ubibi shamba hadi alipostaafu mwaka 2022. Wimbo wake ulikuwa mmoja: ng'oa kabla halijachanua, choma, msimu mwingine panda kunde au soya, na osha jembe kabla ya kuvuka kwenda shamba la mwenzio. Alikuwa mkali kama pilipili. Lakini waliomsikiliza waliacha kuomba unga, wakaanza kupeleka magunia sokoni, na wapo hapa leo wakilia kuliko sisi.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na fundi wa mashine ya kusaga. Siku fundi alipokuja kumtembelea kwa mara ya kwanza, alipiga nguo zake pasi, akaja na fungu la maua ya zambarau aliyoyachuma njiani. Binti alibadilika uso. "Wewe! Umeniletea njaa nyumbani?" Akayatia motoni, akamshika mkono. "Twende unionyeshe ulikoyatoa." Uchumba wao ulianza wakiwa wameinama, viatu vya fundi vimejaa udongo. Hakuthubutu kumletea maua tena maisha yake yote, nao walijaliwa watoto wanne.

Kuhusu ugonjwa, hatuna la kuandika. Hakuugua. Jumanne asubuhi aliingia shambani, akapalilia nusu yake, akaketi kwenye tuta kunywa maji. Kitinda mimba wake alimwita mara ya kwanza, ya pili, kimya. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla. Tuliporudi nyumbani, chai aliyoiacha kwenye chupa ilikuwa bado ya moto, na hakuna aliyejua aifanyeje.

Jana wajukuu, kwa mapenzi yao, walileta maua mazuri ya zambarau wakayapanga juu ya jeneza. Waombolezaji wakawasifu. Mzee, mumewe, akainuka.

"Toeni hayo. Mnataka aamke?"

Tulicheka, naye akacheka, kisha akaangua kilio. Aliyakusanya mwenyewe, ua kwa ua, akayachoma. Ndipo akawauliza watoto wameyachuma wapi.

"Shambani kwa bibi, babu. Kule ambako hakufika."

Marehemu ameacha mume, watoto wanne, wajukuu, mdogo wake anayewasomea haya, na nusu ya shamba ambamo kiduha kimeanza kuchanua. Kwa hiyo familia inaomba mtu asiweke maua kaburini. Tukimaliza hapa, mwenye mgongo wa kuinama atufuate shambani. Mzee yuko pale bombani tangu alfajiri.

Pumzika kwa amani, Mama Ng'oa. Majembe yameoshwa.