Neno la Kipepeo la Shangazi Verna

Ndugu, jamaa na majirani mliotoka juu ya mto na chini ya mto, familia imenituma mimi Clarrie Tindall, mtoto wa kaka yake, niwasomee maisha ya shangazi yangu Verna Maud Ridgley, na kabla sijaanza niseme kwamba tumekaa jikoni kwa binti yake Rhonda siku nzima tukijaribu kuyapanga, na mengine yamekataa kupangika, kwa hiyo mkisikia mambo mawili yanagongana msidhani nimeruka mstari.

Shangazi alizaliwa, kwa mujibu wa serikali, tarehe 14 Aprili 1943 katika hospitali ya hapa Wilga Bend, akiwa mtoto wa pili wa Jack Tindall, mswagaji wa ng'ombe, na mkewe Ettie, lakini mama yake aliapa hadi mwisho kwamba alimzaa kambini, ukingoni mwa mto, mwezi wa nane, mafuriko yakiwa yameshafika kwenye godoro, na wazee wengine tuliowauliza wanasema mwaka ule mto ulikauka kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa akila keki mwezi wa nne na nyingine mwezi wa nane, na tukimtania alijibu, "Mkishakubaliana nilizaliwa lini mje mniambie, mimi naendelea kula."

Alilelewa zaidi na bibi yake, Bibi Maud, ambaye alizungumza lugha yetu, sisi Waaborijini wenyeji wa mto huu, pale mtoni tu, wakivua samaki, na akisikia gari la msimamizi wa misheni, aliyeikataza, alinyamaza katikati ya neno. Mwaka 1952, akiwa darasa la tatu katika shule ya misheni, gari la serikali lilikuja likamchukua, kama lilivyochukua watoto wengi wetu ili walelewe kizungu, likampeleka kwenye nyumba ya wasichana mbali kusini, na huko alifundishwa kusugua sakafu, kupiga pasi mashati ya watu wengine, na kuitika kwa Kiingereza peke yake. Alikaa miaka tisa, na maneno ya bibi yake yakamtoka moja baada ya jingine, mpaka likabaki moja, ambalo alilirudia chini ya blanketi ili nalo lisimponyoke. Maana yake hakuikumbuka tena, alikumbuka tu kwamba lilikuwa la kitu kidogo, kilichopendwa, kwenye jua, karibu na maua ya mkaratusi, na bibi yake alilisema akicheka, basi akaamua kwamba ni kipepeo.

Aliporudi mwaka 1961 Bibi Maud alikuwa ameshazikwa. Lugha aliyoijua baadaye alifundishwa na Babu Wes, aliyekuwa akiishi kwenye kibanda cha mabati kule kwenye kona ya mto, na Babu Wes alijua samaki wote, ndege wote, upepo na matope, ila shangazi alipomuuliza kuhusu lile neno lake alikuna ndevu akasema, "Mwanangu, mimi ni mvuvi, vipepeo hawaliwi, nitawajuaje?"

Alifanya kazi ya kufua katika hospitali ya hapa, akafunga ndoa tarehe 9 Mei 1964 na Lionel Ridgley, mkata manyoya ya kondoo, mtu wa maneno machache na kofia moja, wakajaliwa watoto wawili, Rhonda mwaka 1965 na Darrell mwaka 1968, na Mzee Lionel alitutangulia mwaka 1995 kwa ugonjwa wa moyo.

Mwezi Februari 1984 aliajiriwa katika shule ya msingi ya Wilga Bend kama msaidizi wa mwalimu, na siku ya kwanza alikuta ukutani picha kubwa ya mchanga mwekundu, wazee waliopakwa rangi nyeupe, na maneno kumi na mawili ya lugha asiyoitambua chini yake, akasimama mbele ya picha ile mpaka mwalimu mkuu wa wakati huo, Bwana Hollis, alipokuja kumuuliza kama anaumwa.

"Haya maneno ni ya nani?" shangazi akauliza.

"Ni ya Waaborijini, Bi Verna. Wizara imetuletea."

"Waaborijini wa wapi?"

Bwana Hollis akaisogelea picha, akavaa miwani, akatafuta, hakuona. "Kwa kweli sijui," akasema. "Wewe je, yenu yakoje?"

Shangazi alitusimulia mara nyingi kwamba swali lile lilimtia hofu kuliko gari la serikali, kwa sababu hakuwa na hakika kama aliyokuwa nayo ni ya kweli au ameyashona mwenyewe kwa vipande, na alimjibu, "Na mimi sijui vizuri, lakini ninajua pa kuulizia." Wakaibandua ile picha pamoja.

Tangu hapo ndipo zilipoanza zile zana ambazo nusu yenu mliomo humu mlizishika mkiwa wadogo: kaseti za Babu Wes akikohoa kati ya majina ya samaki, kadi zilizokatwa kwenye maboksi ya nafaka, magamba ya kasa wa mtoni, na lile shuka lililochorwa mto mzima na kona zake, ambalo watoto walivua viatu wakatembea juu yake wakitaja kila mahali. Na zaidi ya yote ule wimbo wa kipepeo, alioutunga mwenyewe akiosha vyombo, wenye lile neno lake likirudiwa mara nne, mikono ikipepea, neno ambalo leo sitalitamka hapa kwa sababu nitakazozieleza.

Katika sherehe ya shule ya mwaka 1999, wageni walikuja kutoka juu ya mto, na miongoni mwao Bi Ivy Merrin, mzee wa miaka sitini na kitu, ambaye alipokuwa msichana aliishi kambini na Bibi Maud. Watoto wakasimama, wakaimba, wakapepea, na Bi Ivy akaanza kulia kwa sauti, akashika mkono wa shangazi bila kujua ni wa nani.

"Mbona mnamwimba huyo mtoto?" akauliza. "Nani kawaambia habari zake?"

"Mtoto gani, mama? Huyo ni kipepeo."

"Hilo ni jina. Maud alikuwa na mjukuu, wakamchukua na gari. Kila jioni alisimama ukingoni akiita hivyo hivyo, mpaka sisi wasichana tukawa tunaogopa kwenda kuteka maji."

Waliokuwa karibu wanasema shangazi alitazama viatu vyake muda mrefu, halafu akauliza polepole, "Na kipepeo je, anaitwaje?"

"Kipepeo sijui," Bi Ivy akasema. "Labda alimpa jina la kipepeo. Labda hapana. Nilikuwa msichana tu, mdogo wangu, usiniulize sana."

Juma zima hakuonekana shuleni. Rhonda alimkuta ndani ya gari uani, funguo mkononi, wala haendi popote, na alipomuuliza kulikoni alisema, "Nimewafundisha watoto wa watu jina langu, na wameimba wazazi wao wakipiga makofi." Alikwenda kwa mtaalamu wa lugha wa chuo kikuu, mtu muungwana aliyetafuta kwa moyo wote na asipate lolote, si kwa jina, si kwa kipepeo, na Bi Ivy akafariki kabla ya majira ya baridi. Shangazi akaliondoa lile neno katika kadi zote, akawaambia watoto wamwite kipepeo kwa Kiingereza mpaka hapo litakapojulikana, lakini nani aliyemsikiliza? Waliendelea uwanjani, wakawafundisha wadogo zao, na siku moja alipomkemea mtoto mmoja, yule mtoto alimwambia, "Lakini Shangazi, kipepeo naye kishazoea kuitwa hivyo."

Alistaafu mwaka 2011. Ugonjwa wa kusahau ulianza mwaka 2019, ukamchukulia Kiingereza kwanza, na wale mliomtembelea katika nyumba ya kulelea wazee mnajua jinsi alivyotuzungumzia kwa lugha ya Babu Wes, kwa haraka, akitaka jambo, akikasirika, na sisi jamaa zake tulitikisa vichwa tu. Rhonda aliwaomba walimu walete watoto watusaidie, nao walimwelewa hapa na pale, maji, samaki, jua, njoo, lakini kati ya maneno hayo kulikuwa na mashimo, na alichokuwa akikitaka hatukukijua, tukamletea blanketi, tukamletea chai, tukampeleka mtoni kwa kiti cha magurudumu, akalia njia nzima, na kama alilia kwa furaha au kwa kukosea kwetu hatuwezi kuwaambia.

Mwezi wa kumi mwaka jana, watoto wakiwa chumbani, kipepeo wa kahawia alitua kwenye kioo cha dirisha, na msichana mmoja akampigia kelele kwa lile neno. Shangazi, ambaye kwa miezi mingi hakuitika Verna wala mama, aligeuka mara moja. Nesi anasema alitazama dirishani na kutabasamu. Rhonda, aliyekuwa amekaa kitandani, anasema alishusha miguu akaanza kupapasa sakafuni kutafuta viatu, kama mtu aliyeitwa nyumbani. Wote wawili ni wasema kweli, na wote wawili walikuwepo.

Alifariki tarehe 2 Juni 2023, saa za asubuhi, mwanawe Rhonda akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka themanini au pungufu kidogo.

Sasa mnajua desturi yetu, kwamba jina la aliyekufa halitamkwi na sauti yake haisikilizwi mpaka wenye msiba watakaporuhusu, na mwalimu mkuu wa sasa, Bi Farrant, ameshazifungia kaseti zote zenye sauti ya shangazi kabatini bila kuombwa, tunamshukuru. Lakini lile neno limetushinda. Darrell alisema jikoni pale, "Kama ni jina la mama, linyamazishwe, hakuna mjadala," na Rhonda akamwambia, "Na kama ni kipepeo? Bibi Maud alikufa nalo, mama akalirudisha, halafu sisi ndio tuliue?" na Darrell akasema, "Basi niambie ni lipi," na sote watatu tukaendelea kupaka siagi mikate ya msiba bila kutazamana.

Leo asubuhi, pale mlangoni, watoto wa shule walimzunguka Rhonda, na mmoja akamuuliza waziwazi, "Tuseme, au tusiseme?" Darrell alikuwa amesimama hapo hapo. Rhonda akamfunga yule mtoto kifungo cha koti, akasema, "Sijui, mwanangu. Ukimwona kipepeo, mwite. Kama siye, atajiendea zake." Akaongeza kwamba Jumatatu atakuja darasani kukaa na wadogo, maana hata yeye hajui kuhesabu mpaka tano katika lugha ya mama yake, na Darrell akamwambia, "Niwekee kiti."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani mliopika na kuchimba kaburi, walimu wa jana na leo, jamaa wa Bi Ivy waliosafiri tangu alfajiri, na ninyi wanafunzi wake wa kila umri. Jina la Verna Maud limesomwa hapa kwa idhini ya wanawe, na kaburi likishafukiwa jina hilo litalala naye. Hilo jingine tumewaachia watoto. Lala, shangazi, tumekusikia hata tulipokuwa hatukuelewi.