Walimwita Mchawi, Kumbe Ni Chupa

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, maana kwa rehema zake nasimama mbele yenu nikiwa na macho meupe. Mlioniona nikitolewa hapa Urambo mnajua yalivyokuwa. Nimekuja kushukuru. Lakini nina hasira pia, na sitaificha madhabahuni.

Kabla ya hapo nilikuwa mzima. Tulikuwa tumemaliza kuchambua tumbaku na mwili umechoka, basi. Akapita gulioni mtu mwenye kipaza sauti, anauza dawa ya kusafisha ini. Nikanunua, nikanywa asubuhi na jioni. Mama mkwe wangu, Bibi Nyamizi, akaniambia, "Mkamwana, acha hicho kitu, kinanuka vibaya." Nikaendelea kunywa.

Macho yakawa manjano. Mkojo ukawa kama chai ya rangi. Nikajikuna hadi ngozi ikachubuka, mwisho hata kikombe sikuweza kukishika. Mama mkwe ndiye aliyenipikia uji na kuninywesha.

Na uji huo, ndugu zangu, ndio ukafanywa ushahidi. Shemeji zangu, wana wa baba mdogo wa mume wangu, wakaleta mpiga ramli. Mtu yule hakuniangalia hata usoni. Akasema naliwa na mkono unaonilisha. Wakasema, "Ni Bibi Nyamizi huyo, mchawi. Si mnaona macho yake yalivyo mekundu?" Mjane aliyekausha tumbaku kwenye bani, lile banda la moto, ujana wake wote, moshi ukimwingia machoni, macho yake yawe ya rangi gani? Vyombo vyake vikatupwa uani. Wakamwambia jua likizama wasimkute, na mmoja alisema hayo akiwa na panga mkononi. Wengine walikuwa waumini. Walikuwa wameshiriki naye meza ya Bwana.

Mume wangu alijua akimwacha nyuma hatamkuta hai. Akaomba gari la jirani, akatupakia wote wawili, tukaenda hospitali ya Tabora.

Daktari alikuwa mama mmoja mpole. Akauliza, "Amekunywa dawa gani?" Mume wangu hakujua. Mama mkwe akafungua pindo la kanga, akatoa ile chupa. "Hii hapa, mwanangu. Nilimkataza." Wakati vyombo vyake vinatupwa, yeye aliokota chupa hiyo aje aniokoe nayo.

Ini langu lilikuwa limeungua kwa sumu. Wakanizuia kunywa kitu kile, wakaniwekea dripu, wakanipima damu mara kwa mara. Kanisa dogo la jirani na hospitali likaniombea. Taratibu unjano ukapungua, nikaomba chakula.

Siku moja daktari akaniambia ini langu linaota upya. Nikamwuliza, "Ni dawa gani imeniotesha ini?"

Akasema, "Dawa ya kuotesha ini sina, mama. Mwili wako wenyewe umefanya kazi. Kila chembe ya ini, yaani seli, imefunikwa na utando mwembamba. Kwenye utando huo zipo protini zinazopokea taarifa. Ini likijeruhiwa, mwili hutuma ujumbe, protini inaupokea nje na kuupitisha ndani, na chembe iliyo hai inajigawa kuziba pengo. Sisi tumeondoa sumu na kukulinda. Lakini si kila ini hupona hivi. Ungechelewa, tungekupoteza."

Nililia, ndugu zangu. Kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, Muumba amekiweka kwenye ini kisikie kilio cha mwili na kuitikia. Na sisi wenye masikio mawili tulimsikia mama wa watu akilia uani, hakuitikia mtu!

Yule mwuza dawa bado anapita gulioni. Mpiga ramli bado anaitwa kwenye nyumba za watu wanaoimba kwaya. Tangu nirudi naye kutoka Tabora mmenipa mkono mkisema, "Pole, Mungu ni mwema." Ni mwema kweli. Lakini hakuna aliyemwambia Bibi Nyamizi, "Tumekukosea."

Namshukuru Mungu kwa uhai, kwa daktari, kwa mume asiyemwacha mama yake. Ukiugua, mwamini Mungu, na uende hospitali mapema. Usitafute mzee wa kumlaumu.

Mama mkwe wangu ameketi kule nyuma, na benchi lake ni tupu kulia na kushoto. Nikishuka hapa naenda kuketi kulia kwake. Kushoto pana nafasi.