Kahawa Imepoa, Mahfoudh Hanywi

Baada ya alasiri, jua la Maskati likishalegea kidogo, benchi la nje ya Mlango Mkubwa wa mji hujaa watu na maneno. Hapo utamkuta Suud Redio, anayesikiliza idhaa zote na kuelewa nusu ya moja; na Thabit Daktari, aliyewahi kumbebea mkoba daktari wa kweli huko Unguja; na Ami Ghanim, wanayemwita Mzee Barafu, aliyekuwa akiuza barafu Darajani mpaka mapinduzi ya mwaka jana yalipomtoa mbio mikono mitupu, yeye na binti yake Kheiria. Siku hiyo palikuwa na wa nne, na huyo ndiye mwenye shida.

Mahfoudh alikuwa akisomesha Kiswahili katika mji mmoja wa kaskazini ya Uchina, baridi ya kutoa machozi, maisha rahisi. Kesho jioni meli inaondoka naye kumrudisha huko, na kabla ya meli anamtaka Kheiria. Wazee wa kumposea hana, wote wamebaki kaburini Unguja. Anaye shangazi tu, Bi Nasriya, mzaliwa wa Oman hasa, na shangazi kamfundisha: "Huku mtu hapayuki mbele za watu. Baba mtu akikukirimu kahawa, iweke chini, usiionje. Mwenyewe atakuuliza una haja gani."

Basi Ami Ghanim akaagiza kahawa ya wote, Aflah muuza kahawa akamimina, na Mahfoudh akakiweka kikombe chini kwa adabu zake zote. Akangoja kuulizwa. Akangoja weee!

— Kwani huko Uchina, akaanza Suud Redio, kweli nyumba bure?

— Si bure, ami. Rahisi. Kodi ya chumba changu haifiki pesa ya kahawa tunayokunywa hapa.

— Tunayokunywa sisi, akasema Thabit Daktari akikitazama kile kikombe. Wewe mbona hunywi?

Mahfoudh akajiweka sawa. Alhamdulillahi, sasa yaja!

— Nnajua, Thabit akajijibu mwenyewe. Damu yake imeganda. Mtu wa baridini ukimtia kitu cha moto ghafla hupasuka. Gilasi hujaona?

— Masikini! akasema Ami Ghanim kwa huruma. Basi usinywe, mwanangu. Usinywe kabisa.

Mahfoudh akataka kulia.

— Na mnalala vipi? akauliza Suud.

— Kuna kitanda cha matofali, chini yake wanapitisha moto.

— Si nilisema! Suud akajipiga paja. Redioni nilisikia. Watu wanalala juu ya jiko, na upande mmoja ukishaiva wanageuzwa.

— Wanageuzwa na nani? akauliza Ami Ghanim.

— Na serikali.

— Na udhu? akadakia Thabit. Maji si jiwe? Mtu anatawadha kwa nyundo!

— Yanachemshwa, ami, akasema Mahfoudh, na kwa kidole akakisogeza kikombe karibu na kiatu cha Ami Ghanim. Ami Ghanim akavuta mguu, asije akakipindua.

— Na kitoweo? akauliza Suud.

— Kabichi. Ikikaribia baridi kila nyumba inarundika kabichi ngazini, hata pa kupita hapana.

— Basi leo nimeelewa, akasema Suud. Ule ukuta wao mkubwa, mlidhani mawe? Kabichi, yakhe! Kabichi zilizoganda!

Benchi zima likacheka, isipokuwa Ami Ghanim.

— Mie barafu naijua, akasema. Unaipa mgongo, ukigeuka haipo. Nyumba yangu nayo vivyo hivyo, nimegeuka, haipo. Kitu cha baridi sikiamini tena. Nimebaki na mtoto mmoja, na huyo naye siku hizi simwelewi. Kapata kofia ya manyoya, sijui kaitoa wapi, hii ya kufunika masikio. Anapikia nayo! Joto hili la Maskati, jasho linamchuruzika, nikimwambia aivue hataki.

Masikio ya Mahfoudh yakawa ya moto.

— Homa ya ndani, akasema Thabit.

— Jini, akasema Suud. Na jini lenyewe la Kirusi.

Aflah akainama kukichukua kikombe, Mahfoudh akakifunika kwa mkono haraka. Jua lilikuwa linazama na hakuna aliyemuuliza neno. Kesho meli, na yeye atarudi peke yake kwenye kabichi zake.

Hapo akatokea Mzee Harub, mtu wa Nizwa, huko ndani ya Oman, aliyejifunza Kiswahili Pemba kwenye karafuu. Akatoa salamu, akatazama chini, akasimama papo hapo.

— Ya Ghanim, huyu mgeni wako ana haja gani?

 Suud Redio, mwenye habari za dunia nzima, akamgeukia Thabit. Thabit akaanza kuchunguza kucha zake.

— Haja gani? akasema Ami Ghanim.

— Kikombe kimejaa, kakiweka chini. Hamjamuuliza?

Ami Ghanim akakitazama kikombe, kisha akamtazama kijana, na uso ukambadilika.

— Mie nimezaliwa Unguja, mambo ya vikombe siyajui. Nisamehe. Una haja gani, mwanangu?

— Namtaka Kheiria, ami.

— Ile kofia...

— Nimempa mimi.

— Na jikoni ya nini?

— Anajizoeza kuivaa.

Mzee akaangua kicheko, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, wala hakuyaficha.

— Kumbe ashakwenda! Yumo nyumbani mwangu, ananipikia, na ashakwenda. Haya, kesho asubuhi tutamwita kadhi. Kunywa kahawa yako.

— Ishapoa hiyo! akasema Thabit. Aflah, mtilie nyengine!

Aflah akaliinamisha dele lake la kahawa. Halikutoka tone.

— Haidhuru, akasema Mahfoudh, baridi nshaizoea.

Akainywa yote, na machicha yake. Ami Ghanim alimngoja amalize, kisha akamsogelea sikioni, Suud asije akaipeleka hewani.

— Hizo kofia, akanong'ona, za kichwa kikubwa kama changu zipo?

— Zipo, ami. Tena rahisi.