Matone Saba kwenye Miguu ya Mzee Ogeto

Mkabala na lango la hospitali, hapo mjini Migori, kando ya duka la dawa, kuna ubao uliolazwa juu ya matofali manne ya simenti, na hapo ndipo hukaa watu wasioweza kupitisha asubuhi bila kubishana. Motari huwasha jiko la makaa kabla jua halijapanda, akaweka birika la kahawa ya tangawizi, na sahani ya kashata akaifunika kwa gazeti. Magige, Mkuria anayevusha mchele na vitenge mpakani, wanamwita Isebania, kwa jina la mji huo wa mpakani. Risper, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ni Nyar Rusinga, yaani binti wa Rusinga, maana kwao ni kisiwani huko na hachoki kukukumbusha. Joash naye ni shemasi wa Wasabato. Dini yake haimruhusu kahawa, hivyo Motari humchemshia maji yenye mchaichai, na jina lake pale likawa Maji Moto. Jumapili hiyo Maji Moto alifika mapema, akakishika kikombe kwa mikono miwili, na hakunywa.

— Maji yanapoa, shemasi, alisema Motari. Ama umefunga leo?

— Sijafunga.

— Basi kunywa. Unaangalia lango kama askari wa zamu.

Joash alinyanyua kikombe, akakirudisha. Jana baada ya ibada alikuwa ameingia wodini na kundi lao la kuzuru wagonjwa. Akamwosha miguu mzee Ogeto, mgonjwa wa sukari, na ndani ya beseni akatia mafuta makali ya minti, yale ya chupa ndogo ambayo hospitali huwafundisha watu wa makanisa jinsi ya kuyatumia. Leo alfajiri amepita dirishani kumsalimu, akakuta kitanda kitupu.

Magige alikuja, akapewa kahawa yake. Hajaipuliza hata mara moja, Risper huyu hapa, ndoo ya omena kichwani, anahema.

— Mmesikia? Mzee Ogeto! Nimemwona kwa macho yangu. Anasukumwa kwa kiti cha magurudumu, miguu imefungwa nguo nyeupe, wanaelekea upande ule wa kupasulia.

— Kupasua nini? aliuliza Magige.

— Omera, ndugu yangu, unafikiri nini? Mtu wa sukari akifungwa miguu akapelekwa huko, anarudi na miguu mingapi?

Maji yalimmwagikia Joash vidoleni. Hakuyasikia.

— Nyar Rusinga, alisema polepole, hivi mafuta yanaweza kuharibu mguu? Mafuta ya kunukia tu. Ya minti.

Hakujua kwamba ametia kuni motoni. Motari aliacha birika.

— Hapo niulize mimi, mimi ndiye mpishi. Kashata ni nini? Ni sukari, njugu, mafuta kidogo ya sufuria, na moto. Ikipoa, inakuwa jiwe. Sasa mtu ana sukari ndani ya damu. Umpake mafuta, umtie kwa maji ya moto. Mguu unakuwa nini?

— Kashata, alinong'ona Magige.

— Sijasema mimi. Umesema wewe.

— Mnadanganyana, alisema Risper. Minti si moto, minti ni baridi. Kwetu sangara akilala kwenye barafu siku mbili, ukimgonga analia ko! kama mlango. Minti imeingia mpaka kwa mfupa, mfupa umeganda. Daktari hawezi kuuyeyusha. Atafanya nini? Msumeno.

— Msumeno wa mguu mmoja ama yote miwili? aliuliza Motari.

— Yote, alidakia Magige. Ukikata mmoja, mtu anaegemea upande, maini yanahama. Lazima asawazishwe. Na mguu ni kitu kidogo! Kule mpakani kuna mtu alipakwa mafuta kama hayo mgongoni, yakapanda kichwani, akasahau Kiswahili. Wiki nzima anaongea Kikuria tu.

— Na kabla ya kupakwa? aliuliza Risper.

— Kabla pia alikuwa anaongea Kikuria.

Walicheka mpaka muuza dawa akachungulia. Joash hakucheka. Alikuwa ameweka kikombe chini na kuvua kofia, kama anavyofanya akitaka kuomba.

— Ni mimi, alisema.

— Wewe nini?

— Niliyemtia mafuta. Ni mimi. Jana saa kumi.

Kicheko kilikatika.

— Ulimtia matone mangapi? aliuliza Motari.

— Matone saba.

— Kwa nini saba?

— Kwenye Biblia, Naamani mwenye ukoma alijichovya Yordani mara saba akapona.

— Na hospitali ilisema mangapi?

— Mawili. Mawili kwenye kijiko cha mafuta ya kupikia, yachanganyike kwanza. Mimi nikasema moyoni, mawili ni ya watu wa imani ndogo. Na kijiko sikutafuta. Nikadondosha moja kwa moja kwenye maji.

— Haya, alisema Risper. Lakini walikufundisha, ama hawakukufundisha?

Joash alizungusha kofia vidoleni. Neno hilo ndilo lililokuwa likimsumbua tangu alfajiri, na sasa lilikuwa limefika mdomoni.

— Walifundisha. Nilikaa nyuma kabisa. Nilimwona yule nesi, Kemuma, binti mdogo hivi, anasimama mbele yetu watu wazima na kutuhesabia matone kama watoto wa chekechea. Mimi ni shemasi mwaka wa kumi na nne. Nikafungua kitabu changu cha Shule ya Sabato nikawa nasoma. Watu wakadhani naandika. Nesi mwenyewe alinisifu. Nikapokea ile sifa, Mungu anisamehe.

Magige akamsogelea.

— Sikiliza, shemasi. Jina lako usitaje. Sema walikuwa Wakatoliki. Wao pia wanapaka wagonjwa mafuta.

— Magige! alifoka Risper.

— Nasaidia!

— Hapana, alisema Joash, akasimama. Naingia kusema. Kama mguu umekatwa, heri mzee ajue ni mkono wa nani.

Alikuwa amevaa kofia tayari wakati nesi Kemuma alipotoka langoni. Zamu yake ya usiku ilikuwa imeisha, sweta iko begani, na mkononi ana thamosi ndogo. Hakuwahi kununua kahawa pale.

— Hamjambo? Huyu ndiye Motari? Nimeambiwa kahawa yako inaamsha. Nijazie.

— Sista, alisema Risper, hata salamu hakujibu, wameshakata?

— Wamekata nini?

— Mguu wa mzee Ogeto.

— Nani amesema?

Wote watatu wakaangalia birika. Kemuma alikunja uso, kisha akaelewa.

— Chumba cha kufungia vidonda kiko mlango wa pili kutoka hapo kwa kupasulia. Mkiona mtu anapita, mnamkata nyinyi wenyewe? Ngozi ilikuwa nyekundu, lakini haikupasuka. Tumemwosha kwa sabuni na maji mengi, daktari amemwangalia kidole kwa kidole, tumemfunga kitambaa safi asijikune. Miguu yake iko yote miwili. Amemaliza uji na kuuliza kama kuna mwingine.

Joash alikaa. Alisema, "Asante, Yesu," mara mbili tatu, na machozi yakashuka bila aibu mbele ya muuza omena na mfanyabiashara wa mpakani.

— Sista, alisema alipopata sauti, ni mimi niliyefanya hivyo.

— Najua, mzee wangu. Minti ilinukia mpaka ofisini. Nimekuwa nikingoja nione kama utakuja kusema.

— Nilikuwa nakuja. Matone saba. Kwenye maji.

Kemuma alimgeukia Risper.

— Mama, kwenu ziwani, petroli ya mashine ikimwagika, inaenda wapi?

— Haiendi. Inakaa juu pale, inang'aa rangi rangi.

— Basi na haya ni hivyo hivyo. Hayaingiani na maji. Yalielea juu, makali vile vile, na mguu ukapita katikati yake. Ndiyo maana nasema kijiko cha mafuta ya kupikia kwanza. Na mtu wa sukari hatumpaki kabisa mpaka daktari akubali, kwa sababu miguu yake haisikii. Angeungua huku anakuchekea.

— Alinichekea kweli, alisema Joash.

— Na yule wa kitanda cha pili ana pumu. Harufu ilimkohoza mpaka tukafungua madirisha yote. Sasa ametulia, amelala.

— Huyo sikumfikiria hata kidogo.

— Wengi hawamfikirii.

— Mtanifukuza kwenye kundi?

— Ungenyamaza, hapo ndipo ningekuwa na shida na wewe. Sasa nitampigia daktari simu nimwambie ni matone mangapi na yalitiwaje, asipoteze siku akitafuta ugonjwa ambao hauko. Alhamisi nafundisha tena. Utakaa mbele.

— Nitakaa mbele.

— Na kitabu?

Joash alishtuka. Kumbe siku ile nesi alijua!

— Kitabaki nyumbani, sista.

Kijiwe kizima kikapumua. Motari akamwongezea kila mtu bila kuombwa. Magige akatangaza kwamba tangu mwanzo alijua mguu uko, alikuwa anapima tu imani ya shemasi. Risper akasema hata yeye barafu alisema kwa mfano. Motari hakukubali kuiacha kashata yake. Alishikilia kwamba kama minti ingechanganywa na njugu, mambo yangekuwa mengine. Joash alikunywa maji yake yaliyopoa kabisa, akayaona matamu.

Kemuma alifunga thamosi. Alikuwa amegeuka aende zake, akasimama.

— Shemasi, kuna kitu sijaelewa. Kabla hujamtia miguu kwenye beseni, ulimwuliza kama anataka?

— Niliomba kwanza.

— Kwa Mungu.

— Ndiyo.

— Na mzee mwenyewe?

Joash alitafuta katika jana yake yote, tangu mlangoni mwa wodi hadi taulo la mwisho, na swali hilo halikuwamo. Alimwangalia Risper, ambaye kila Jumatano humpelekea Ogeto omena za kukaanga bila kumwuliza. Risper akaanza kupanga ndoo iliyokuwa imepangika. Magige alichungulia kikombe chake mpaka chini.

— Haya, lala salama, sista, alisema Motari, mradi mtu aseme kitu.

Nesi alienda zake. Joash alisimama, akavuka barabara, akaandikisha jina lake langoni. Mzee Ogeto alikuwa amerudishwa kitandani, ameketi, miguu myeupe kwa kitambaa mbele yake kama wageni wawili. Alimwona shemasi akaanza kuivuta shuka aifunue miguu, kwa mazoea.

— Hapana, baba, acha, alisema Joash. Sikuja na kitu. Nimekuja kukuomba msamaha kwa jana, na kukuuliza. Wewe ungependa nikufanyie nini?

Mzee aliangalia dirisha, akaangalia mikono ya Joash, akaangalia tena dirisha.

— Nikune mgongo, alisema. Tangu Jumanne siufikii.

Joash alienda kunawa kwa sabuni, akarudi, akakunja mikono ya shati.

— Hapa?

— Chini kidogo. Hapo. Hapo hapo, usiondoke.